Mwaka wa Kujifunza Kuumwa

Jumamosi iliyopita tulimzika Mama Ombeni, na kutoka makaburini tukarudi kwenye ukumbi wa kanisa lao pale Brooklyn Center, pembeni ya Minneapolis, kula. Wakongomani hawazikani kwa njaa. Kulikuwa na bugali, ndio ugali wao, sombe, wali, ndagala, yaani dagaa, wa kukaanga, na kuku mkavu ambaye hakuna mama aliyekubali kuwa ndiye aliyempika. Mimi ni Mwislamu wa Tanga, lakini katika ukumbi ule nina kiti changu, na watoto waliozaliwa hapa wananiita auntie bila kuuliza undugu umetokea wapi. Nikiwa na sahani mapajani, binti mmoja wa kwaya akaja kuchuchumaa karibu yangu. Alikuwa ameniona kwenye mchezo fulani Saint Paul, na kwenye lile tangazo la bima ninalotaniwa nalo msikitini na makanisani. Akaanza kuuliza kwa Kiingereza, kisha kwa heshima ya msiba akajikongoja kwa Kiswahili: "Auntie, wewe ulianza aje?" Nikampa jibu ninalowapa wote: piga picha nzuri, nenda kwenye kila usaili, usikate tamaa. Akashukuru akarudi kwa wenzake, nami nikabaki nimekasirika, na niliyemkasirikia ni mimi mwenyewe. Mtu aliyenianzisha ndiye huyo tuliyekuwa tumetoka kumfukia, mwanawe Ombeni akiwa wa kwanza kumwaga udongo, na sikumtaja hata jina.

Habari za kwetu Tanga sitaziandika hapa. Ndugu zangu wapo na mikono wanayo, watajiandikia. Nianze na chumba. Kilikuwa chini ya nyumba ya Mama Ombeni, kule wenyeji wanakoita besimenti, na dirisha lake lilikuwa usawa wa majani ya uani, kwa hiyo theluji ikianguka nilikuwa nikiishi gizani hadi mtu akumbuke kuifukua. Nyuma ya ukuta wa mbao ilinguruma mashine ya kupasha nyumba joto. Juu yangu kulikuwa na jiko la Mama, na kutoka jikoni kulishuka ngazi ya mbao yenye mkono mmoja uliolegea, na harufu zote. Sombe ni kile sisi tunachokiita kisamvu, ila Mama alikipika mpaka kikawa laini kabisa, kwa mafuta ya mawese na samaki, na koti langu la kuendea usaili lilikuwa limelowa harufu hiyo kiasi kwamba nilipokuwa nikingoja kuitwa ndani, wasichana wa Kizungu waliokaa karibu walikuwa wakigeuka kuangalia ni nani aliyekuja na chakula. Nilikuwa nimemaliza chuo na nilikuwa na shahada ya takwimu iliyomfurahisha kila mtu isipokuwa mimi. Nilitaka kuigiza. Nilikuwa nimeamua kujipa mwaka mmoja, na nikishindwa nirudi kwenye takwimu kimyakimya kama mtu aliyekuwa ametoka kidogo kununua maziwa.

Usaili wa mwaka ule naukumbuka kwa vyumba vyake zaidi ya watu wake. Karibu vyote vilikuwa na meza ndefu, chupa za maji, na mtu mmoja mwenye huruma aliyesema asante kabla sijafikia mstari wa mwisho. Mara nyingi walitaka niongee kwa lafudhi ya Kiafrika. Nilipoongea kwa lafudhi niliyozaliwa nayo, wakauliza kwa upole kama ninaweza kuifanya iwe ya Kiafrika zaidi. Niliporudi nyumbani Mama Ombeni alikuwa akiniuliza, akiwa bado na sare ya hoteli alikokuwa akifua na kukunja mashuka, kama leo wameniona. Alikuwa akiniita comédienne, mwigizaji kwa Kifaransa chao, na aliposema neno hilo mbele ya wageni wake wa kanisani ungedhani nina gari la serikali. Nikimjibu kwamba leo pia hapana, alikuwa akiongeza kijiko cha sombe kwenye sahani yangu, na habari hiyo ikawa imekwisha.

Aliyeniletea kazi alikuwa Otieno, Mkenya niliyekutana naye kwenye chumba kimojawapo cha kungojea, mtu mrefu anayeongea na kila aliyepo. Akaniambia kuna chuo cha udaktari kinatafuta watu wa kuigiza wagonjwa ili wanafunzi wajifunze kuwahoji kabla hawajakabidhiwa wagonjwa wa kweli. "Sikia, hii job ni rahisi," akasema. "Unakaa tu kwa kitanda una-act mgonjwa. Na huyo mathe anatu-train ako na theatre yake hapo Saint Paul. Aki-like vile una-act, umeingia." Nilishika hilo neno la mwisho kuliko mengine yote. Huyo mathe aliitwa Linda, mwanamke mwembamba mwenye nywele nyeupe na soksi za rangirangi, na kweli alikuwa na ukumbi mdogo wa maigizo, na kweli alikuwa akichagua waigizaji wake miongoni mwetu. Basi asubuhi za mwaka ule nikawa napanda basi hadi Minneapolis, kisha treni mpya ya kwenda Saint Paul, nikikariri ugonjwa.

Siku ya kwanza nilipewa karatasi: mwanamke wa makamo, kifua kinabana, pumzi inakata akipanda ngazi, amekuja hospitali alfajiri kwa hofu. Nikavaa gauni la wagonjwa lililo wazi mgongoni na kukaa kitandani. Mwanafunzi akaingia, kijana mwenye haya, akaniuliza habari yangu. Nikamjibu nzuri, asante, na wewe je? Akasema naye ni mzima. Nikamuuliza masomo yanaendaje, akasema magumu kidogo, nikampa pole. Akaniuliza safari ya kuja ilikuwaje, nikasema salama. Nikamuuliza wazazi wake wako wapi, akaniambia kuhusu shamba lao na ng'ombe. Tulikuwa tunaelewana sana, na nilikuwa ninasubiri yale mazungumzo yafike mahali ambapo mtu mwenye adabu anaweza sasa kusema, ila kifua kimenisumbua kidogo, wakati kengele ilipolia. Akanipa mkono, akatoka, na akaandika kwamba mgonjwa hana tatizo.

Linda alikuwa akitutazama kutoka nyuma ya kioo. Hakunifokea, alivuta kiti akakaa karibu nami na kuniuliza kwa nini mwanamke anayehofia kufa anaulizia ng'ombe. Nikajaribu kumweleza. Kwetu mtu akikusalimu huwezi kummwagia ugonjwa usoni. Unasema nzuri kwanza. Hata ukimkuta mtu ametoka kufiwa, atakwambia nzuri, mnakaa, mnauliziana watu wa nyumbani, ndipo anasema ila mzee hatunaye. Yule anayeulizwa anamlinda kidogo yule anayeuliza, na anayeuliza anajua kwamba ile nzuri ya kwanza si jibu, ni mlango. Linda alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba hilo ni jambo zuri sana, na kwamba wanafunzi wake hawana muda huo. Alinipa nafasi moja zaidi. Nikishindwa atamtafuta mtu mwingine, na nafasi katika mchezo aliokuwa akiuandaa kwa majira ya kuchipua nisiifikirie. Aliponisindikiza mlangoni akaniambia nisimsomee karatasi tena. Nikamtazame mtu, akasema, nione mwili unasema nini wakati mdomo unasema nzuri.

Sikwenda mbali. Mtu wa kumtazama alikuwa juu ya dari yangu. Mama Ombeni alikuwa na namna yake ya kushuka ngazi ya kuja kwangu kufua: alikuwa akifika katikati anasimama, anaangalia kalenda ya kanisa iliyopigiliwa ukutani, ambayo ilikuwa ya mwaka juzi, anaiangalia kwa makini, kisha anaendelea. Kwenye sinki alikuwa akishika ukingo kwa muda kabla ya kufungua maji. Akiwa amekaa na wageni, katikati ya kicheko, alikuwa akinyamaza ghafla na kuweka mkono chini ya ziwa, halafu anauliza nani anataka chai. Nilivichukua vyote hivyo. Nilikuwa na furaha ya mwizi aliyekuta mlango wazi. Nikiwa besimenti nilijifunza kusimama vile, kushika vile, kutazama kalenda isiyokuwapo, na wala haikunijia akilini kwamba yule ninayemwiga anaumwa. Nilimwona kama funzo. Sasa, nikiwa na umri wa kupumzika katikati ya ngazi zangu mwenyewe, nashangaa jinsi kijana anavyoweza kumtazama mtu kwa makini namna ile asimwone.

Nafasi yangu ya pili ilipofika, mwanafunzi alikuwa dada mmoja mwenye sauti ya upole. Akauliza habari yangu, nikasema nzuri, asante, lakini safari hii nilisema huku nimeshika ukingo wa kitanda kama ukingo wa sinki. Akaangalia mkono wangu, kisha uso wangu, akaweka kalamu chini na kuniuliza tena, polepole. Alipotoka aliutaja ugonjwa wa moyo bila kusita. Linda akaja kunikumbatia. Akasema nafasi kwenye mchezo ni yangu, mazoezi yanaanza baada ya wiki mbili. Halafu, akiwa bado amenishika mabega, akauliza nimempata wapi mwanamke yule. Nikamwambia ni mama mwenye nyumba ninakokaa. Linda akaniachia. "Na yeye," akauliza, "ameshamwona daktari?"

Njia nzima ya kurudi sikuona kitu dirishani. Nilipofika, Mama alikuwa jikoni anakaanga ndagala. Nikampa habari ya mchezo, naye akacheza hatua mbili tatu mbele ya jiko, mwiko juu, akiimba jina langu, Zuhura, Zuhura. Kisha akashika ukingo wa kabati na kuanza kuangaza macho huku na huku. Akasema anatafuta chumvi. Chumvi ilikuwa mkononi mwake. Nikamwambia Mama, twende hospitali, na kwa kuwa sikuwa na akili ya kuanzia mbali nikamweleza yote palepale, kwamba mwanamke aliyenipatia kazi ni yeye, kwamba nimemwiga mbele ya watu, na wale watu wamesema ni moyo. Alizima jiko.

"Unanichezaka miye," akasema, "mbele ya bazungu?"

Nikasema si kwa ubaya. Akasema yeye ni mzima, mgonjwa ni mimi ninayelipwa kuugua, na akapanda chumbani kwake. Samaki walibaki nusu wabichi kwenye kikaango. Siku zilizofuata hakuniwekea chakula. Hakunifukuza wala hakunisema. Alikuwa akinisalimu vizuri kabisa, na nilijua hiyo nzuri yake maana yake nini. Nilikula mikate na siagi ya karanga na kusikiliza hatua zake juu yangu. Kulikuwa na tundu la kupitishia hewa ya joto, na kwa tundu hilo nilimsikia akiongea na dada yake wa Uvira. Tuko bazima, alimwambia, baridi tu. Simu ilipokatika alivuta pumzi kama mtu aliyetoka kubeba gunia, kisha akaanza kusali kwa sauti ya chini. Alikuwa akimwomba Mungu asimchukue kabla Ombeni hajafika. Ombeni, mwanawe wa pekee, alikuwa bado kwenye kambi ya wakimbizi akingoja kibali cha kumfuata mama yake, na mwaka ule walikuwa wameshaanza kumwita kwenye mahojiano.

Siku moja alasiri nikamkuta amekaa katikati ya ngazi, nguo za kufua mapajani. Hakuwa akiangalia kalenda. Nikakaa ngazi moja chini yake. Mashine ya joto ikiguruma, akaniambia jambo ambalo nadhani hakuwahi kumwambia mtu. Kambini, kabla ya safari, walikuwa wakipimwa wote. Jirani yake alikohoa mbele ya daktari, na daktari akaandika. "Munganga akiandika bugonjwa yako," akasema, "ndege inaenda, weye unabakia." Yule jirani alibaki na watoto wake, na tangu hapo kambi nzima ilijifunza kumjibu kila mwenye koti jeupe kwamba ni wazima, hata wenye homa, hata wajawazito waliokuwa na uchungu. Sasa Mama alikuwa na hakika kwamba akiandikwa mgonjwa huku, wataona hana nguvu ya kumpokea mtoto, na njia ya Ombeni itafungwa. Nikamwambia mambo hayaendi hivyo hapa. Akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye niliyekuwa sijui dunia. Mwishowe akasema atakwenda, kwa sababu ngazi zimemshinda. "Lakini miye sitasema kitu," akasema. Nikakubali, maana nilikuwa nimechoka kuogopa.

Alikwenda hospitali akiwa amevaa kitenge cha Pasaka, wigi, na manukato mengi. Daktari alikuwa mwanamume mpole, mikono yake juu ya kompyuta. Hospitali haikuruhusu mtu wa nyumbani kutafsiri, kwa hiyo mezani kulikuwa na simu, na ndani ya simu mkalimani, mzee wa Kiswahili safi cha pwani ambaye kwa sauti tu ungejua amevaa kanzu. Daktari akauliza anajisikiaje. Mkalimani akauliza. Mama akajibu kwamba ni nzuri, tunamshukuru Mungu. Anaumwa mahali? Hapana. Kifua? Kiko vizuri. Ngazi? Anapanda. Alijibu ameketi wima, mkoba mapajani, akitabasamu, na kila jibu lilipofika kwa Kiingereza daktari alikuwa akigonga vitufe na kuonekana ameridhika. Nilimwona anaelekea mwisho wa maswali yake. Niliwaza kwamba tutatoka hapa na karatasi inayosema hana tatizo, nami nitamrudisha nyumbani kwenye zile ngazi.

Nikasimama. Nikamwambia daktari kwamba mimi ni mwigizaji, mara ya kwanza kulitamka neno hilo kuhusu nafsi yangu mbele ya mtu bila kucheka, na kwamba Mama ameahidi hatasema, lakini naomba nionyeshe anavyokuwa nyumbani. Daktari akauliza, kupitia kwa mkalimani, kama mama anaruhusu. Mama alinigeukia. Ningeweza kupoteza chumba changu, na chakula, na mtu pekee katika jiji lile aliyekuwa akiniuliza kila jioni kama wameniona.

"Aonyeshe," akasema. "Si njo kazi yake?"

Basi nikamcheza. Hapakuwa na ngazi, nikajitengenezea ngazi kwenye sakafu ile ya hospitali. Nilibeba nguo zisizokuwapo. Nilifika katikati nikasimama na kutazama ukuta, nikiisoma kalenda, mdomo wazi kidogo kwa kutafuta hewa ambayo sitaki mtu asikie naitafuta. Nikafika kwenye sinki nikashika ukingo. Nikacheka na wageni, nikakatika, nikaweka mkono wa kulia chini ya ziwa, nikageuka na uso wa furaha kuuliza nani anataka chai. Ndani ya simu mkalimani akauliza kama bado tupo. Sikuthubutu kumtazama Mama. Nilitazama viatu vyake, vile vya kanisani, vilivyokuwa vimewekwa pamoja sawasawa, na nikaona kimoja kimesogea.

"Hapana," akasema Mama Ombeni.

Alikuwa amesimama. Mkoba ulikuwa umebaki kwenye kiti. Alinishika mkono wangu wa kulia akaushusha, kama mwalimu anavyomshusha mtoto mkono, akasema si ule. Kisha akaweka wake wa kushoto chini ya ziwa lake, akaukandamiza, na uso wake ukabadilika, ukaacha tabasamu na kuwa uso ambao sikuwahi kuuona, wa mwanamke anayeumwa. "Inaanzaka hapa," akasema. Akashusha vidole vya mkono wa pili taratibu kwa ndani ya mkono ule wa kushoto, begani hadi kiwikoni, kiwikoni hadi kidole kidogo. "Inashuka mupaka huku. Na hapa, mu mataya." Akagusa taya. Alikaa hivyo, amesimama katikati ya chumba na kitenge chake cha Pasaka, bila kumficha mtu kitu, huku mkalimani akitafsiri nyuma yake, sauti ya yule mzee ikiwa imeshuka. Daktari alikuwa ameacha kompyuta na kugeuza kiti chake chote.

Mama alipoona ameacha kuandika, alifikiri hajaelewa. Akavuta pumzi, ile anayoitafuta, akamtazama usoni na kumwambia moja kwa moja kwa Kiswahili, bila kusubiri simu: "Sasa andika."